Evarist Akonaay, Fundi Aliyepima Waya Kabla ya Kuushika

Wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliokuja kutufariji hapa Nangwa, poleni na safari, mimi ni Joakimu, mdogo wake marehemu, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya kaka yetu. Mtuwie radhi kwa kuchelewa kuanza, sababu nitaisema mwishoni.

Marehemu Evarist Akonaay alizaliwa hapa Nangwa tarehe 9 Mei 1966, Hanang ikiwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Akonaay na mama Juliana, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na baada ya mafunzo ya ufundi wa simu aliajiriwa Mbulu mwaka 1988, kisha akahamishiwa Katesh mwaka 2001, alikofanya kazi hadi alipougua.

Tarehe 17 Julai 1993 alifunga ndoa na Bi Verediana, baada ya kumchunguza muda mrefu ndipo akapeleka posa, na shemeji husema mpaka leo kwamba alipimwa kama waya, Mungu akawajalia watoto watatu, Scolastica, Abel na Zita.

Kazini hakugusa waya wa simu ulioharibika kabla ya kuuwekea mita na kuona kama umeingiliwa na umeme, hata mvua inyeshe, hata bosi apige kelele, maana kaka alikuwa mbishi kweli, wenzake wakamwita Bwana Pima, jina alilolipenda kuliko cheo.

Tarehe 6 Desemba 2023, siku chache baada ya tope la Mlima Hanang kuingia Jorodom, yeye na mwenzake Isidori walitumwa kurudisha simu ya zahanati moja, watu wakiwa wamejaa pale wakitafuta habari za ndugu zao, wote wakiwahimiza waharakishe kwa kuwa umeme umeshakatwa, Isidori ameshavua glovu zilizojaa tope na kunyoosha mkono, kaka akamvuta kwa kola mbele ya watu, akaweka mita, ikasoma zaidi ya volti mia mbili, kwa kuwa ng'ambo ya korongo waya wa umeme ulikuwa umeulalia ule wa simu. Simu ilirudi jioni ile, na Isidori ni huyu hapa, amesimama upande wa kichwa cha jeneza.

Kaka alianza kuumwa ini Februari 2025, akatibiwa Haydom, na tarehe 14 Agosti saa mbili asubuhi alifariki dunia, na mimi nasema wazi kwamba imeniuma, lakini najivunia kuwa mdogo wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Haydom, majirani mliotupikia na kulala nasi msibani, na mafundi wenzake wa Katesh na Mbulu.

Tumechelewa kwa sababu vijana walipotaka kuwasha kipaza sauti hiki, Isidori aliwazuia, akachukua mita ya marehemu, akapima nyaya zote za hapa turubaini, moja baada ya nyingine, bila kuombwa na mtu, nasi tukamsubiri hadi akamaliza.

Kaka Evarist, tumepima, pumzika kwa amani.