Samaki Asiyeona Jua na Khaemba wa Kinuni

Mwaka wa hamsini na mbili, siku moja Kitale mvua ilishika tangu asubuhi, jua hata halikuchungulia. Kijiwe kilikuwa barazani kwa Kibiwott, fundi wa saa, ambaye watu walimwita Majira ingawa saa zilizolala mezani pake hazikukubaliana hata mbili. Katikati ya benchi alikaa Khaemba, macho mekundu. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kinu cha unga, na mchana hapati hata lepe la usingizi. Bwana mkubwa alikuwa amemwapia: akisinzia tena, au akichelewa, arudi kwao Kimilili. Huko hakuwa na shamba wala ng'ombe, na watoto walikuwa wakimtazama yeye. Aliogopa kweli.

— Wewe fanya kama samaki wa chini kabisa baharini, alisema Walubengo, ambaye vita vilimpeleka Burma kwa meli akarudi na jina la Baharia. — Kule jua haifiki, bana. Giza tupu! Lakini anajua saa ya kulala na saa ya kuamka.

— Nani alikuambia? Khaemba aliuliza.

— Daktari wa meli. Ati macho yake makubwa kama hivi vikombe, inashika hata mwanga kiduchu. Wengine wanajiwashia taa kwa mwili!

— Mafuta ya taa wananunua wapi?

— Si taa ya mafuta, wewe!

Majira alipuliza kahawa yake.

— Macho ni bure. Huyo samaki iko na saa ndani ya kichwa, na springi yake.

— Na nani anaitia ufunguo? Khaemba aliuliza.

— Maji. Inamsukuma huku, inamsukuma huku, springi inajaa.

— Basi Khaemba tumfungie kwa ghala, gizani, wiki nzima, alisema Baharia. — Akitoka, saa yake imegeuka.

— Ndani ya pipa la maji, Majira aliongeza.

Khaemba alicheka mpaka kahawa ikamwagikia magotini. Tangu ahamishiwe zamu ya usiku, roho yake haikuwahi kuwa nyepesi hivyo.

Jeruto, mama wa maziwa, akaingia kujikinga mvua.

— Hamjambo wazee? Saa hizi ni saa ngapi?

Majira alitazama meza. Saa ya kwanza ilisema saa tatu, nyingine saa kumi, ya tatu haikuwa na mishale. Baharia alitoa kichwa nje akatazama juu. Ni mawingu tu.

— Tumbo yangu inasema bado mapema, alisema polepole.

Khaemba alikuwa ameshatoka. Alikimbia matopeni, kofia mkononi, akimwomba Mungu lango la kinu liwe wazi bado. Na hapo katikati ya mbio, usingizi uliomkwepa mchana kutwa ukamjia wote kwa pamoja, akapiga miayo mpaka mvua ikamwingia mdomoni.