Kamba ya Mzee Désiré

Ndugu waombolezaji, aliyemfikishia Antoinette habari hii ni jirani yake, Mama Kulthumu, aliyegonga mlango juzi jioni akisema, "Mama Peguy, eish, baba hajazikwa, na ukuta wake umeshavuliwa nguo!"

Marehemu Désiré Mulonda, baba yake Antoinette, alizaliwa Uvira tarehe 4 Machi 1958, akasoma shule ya msingi hukohuko, akamwoa Benedicta mwaka 1995, wakajaliwa mtoto huyo mmoja, kisha vita vikawatoa kwao, wakafika Durban mwaka 2001, na hapa ndipo mkewe alipotutangulia mwaka 2015.

Alianza kwa kubeba mizigo bandarini, baadaye akawa fundi wa fremu, na mteja mmoja wa Westville alipohama alimwachia picha ya Kijapani, iliyochapwa kwa mbao za kuchonga juu ya karatasi tatu, kushoto mashua kwenye mawimbi, katikati kamba iliyokazwa juu ya povu, kulia wanawake ufukweni wakiivuta. Marehemu aliitilia kila karatasi fremu yake, akazitundika sebuleni zikigusana ili kamba isikatike, na hakuna mgeni aliyetoka mle bila kuambiwa kwamba ile ni picha moja.

Aliugua figo tangu Februari 2024, akafariki tarehe 9 Julai, na akiwa bado mochwari, bila kungoja kuondoa matanga, wadogo zake watatu walihesabu fremu, wakabeba kila mtu yake, na mkubwa wao, baba mdogo Achille, alipopigiwa simu na Antoinette alicheka, "Picha iko tatu, sisi tuko watatu, sasa kelele ya nini?" Antoinette, ambaye hata kwenye taxi iliyojaa abiria huona haya kuomba ashushwe, alikata simu bila kuaga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, na mafundi wenzake waliolipiga randa jeneza hili.

Asubuhi iliyofuata, Antoinette alimfunga mwanawe Peguy mgongoni, akaenda Isipingo wanakoishi baba zake wadogo, mlango kwa mlango, wawili wakarudisha huku wakitazama chini, Achille akakataa, eti yake imeshakaa vizuri juu ya televisheni, basi Antoinette akazileta hizo mbili, akazisimamisha kando ya jeneza, akaacha katikati wazi, nalo ndilo pengo mnaloliona, wanawake wanavuta kamba isiyofika kwenye mashua.

Pumzika, baba, kwa amani, aliyeikata kamba yako anajulikana, na yumo humu.