Jouli Mia Mbili za Mwalimu Wandera

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Kisugu, Kampala, asubuhi hii ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, kabla mwili haujaanza safari ya kwenda Funyula, familia inawasomea maisha ya Mwalimu Crispin Wandera kama alivyotaka yasomwe, pamoja na sehemu ambayo wengi wetu hatukuielewa kwa muda mrefu, na wengine hatujaielewa hadi leo.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, Funyula, upande wa Kenya, akasoma shule ya msingi pale pale nyumbani, akamaliza kidato cha sita Kakamega mwaka 1981, kisha akasomea ualimu wa kemia na hesabu, akahitimu mwaka 1984. Alifundisha Busia miaka sita, hadi rafiki yake Omolo alipomwandikia kwamba kuna shule Old Kampala haina mwalimu wa kemia, naye Januari 1991 akavuka mpaka akisema anakuja kwa muhula mmoja tu, akafundisha miaka thelathini na moja.

Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa hapa Kisugu na Nabalayo, fundi cherehani, na Mungu akawajalia watoto wawili, Byron mwaka 1994 na Moreen mwaka 1998, ambao wote wawili waliikimbia kemia mapema, jambo ambalo baba yao alilisikitikia bila kuwalaumu.

Novemba 2014, katika mtihani wa kumaliza kidato cha tano, Mwalimu aliuliza swali la gesi iliyo ndani ya silinda, ikapewa joto la jouli mia tano, ikatanuka na kuisukuma pistoni kwa kazi ya jouli mia mbili, je, nishati yake ya ndani imeongezeka kiasi gani. Binti mmoja, Shifa, wa familia ya Mzee Mahmoud wa Kisenyi, alipata jouli mia tatu, jibu lenyewe, lakini kazi aliiandika hasi, kisha akaijumlisha na joto, ilhali Mwalimu tangu ujana wake alifundishwa kuiandika chanya, kisha kuitoa. Alimpa alama moja kati ya tano. Shifa alimfuata ofisini na kitabu cha maktaba mkononi, akamwonyesha ukurasa, na Mwalimu akachukua kalamu nyekundu akakisahihisha kitabu chenyewe, akamwambia, "Gesi imefanya kazi kwa nguvu zake, itakuwaje hasi?" Shifa alipata arobaini na saba katika kemia, alama ya kuendelea na sayansi ilikuwa hamsini, akahamishiwa masomo ya sanaa, na ndoto yake ya kuwa mfamasia ikaishia hapo.

Shule zilipofungwa wakati wa korona, Mwalimu alikaa nyumbani na vitabu vipya, na siku moja ya Juni 2021 akaukuta ukurasa unaosema kwamba njia zote mbili ni halali, ya zamani ikihesabu kazi ambayo gesi imeitoa, na ya sasa ikihesabu kazi ambayo gesi imeipokea, hivyo ikitoa inaandikwa hasi. Alichanganyikiwa, tunalisema neno hilo kwa sababu yeye mwenyewe alilitumia. Wiki nzima alichora pistoni nyuma ya karatasi za mishono ya mkewe, akawa anamuuliza Nabalayo, ambaye hakuwahi kusoma kemia, "Mama Byron, kitu kimoja kitakuwaje kuongeza na kupunguza, na yote mawili yawe sahihi?" Mkewe akamjibu kwamba hajui, lakini chai inapoa.

Alistaafu Machi 2022, akaanza kumtafuta Shifa, akampata Februari 2023 katika duka la jumla la sabuni la baba yake, Kisenyi. Baadaye Mwalimu alitusimulia mazungumzo hayo mara nyingi. Alipomaliza kueleza, Shifa akasema, "Mwalimu, mimi nilikuambia tu. Wewe ulisema kitabu ndiyo imekosea. Mimi nikaenda nyumbani, nikafikiri ni kichwa yangu." Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa hasira, au kwa msamaha, na kwa kuwa hakupata hata kimoja hakujua abaki au aondoke, hadi Shifa alipomuuliza kama bado anafundisha.

Tangu hapo kila Jumamosi alivaa shati lake la kazi akatoka bila kueleza anakwenda wapi, kwa sababu aliona aibu, na Nabalayo, ambaye ametuomba tusiliruke hili, akadhani mumewe amepata mwanamke. Mchana wa tarehe 6 Mei 2023 alimfuata, akamkuta uani mwa duka, kati ya makatoni ya sabuni, ameinamia sufuria ya barafu na kipimajoto, Shifa akiandika, na mamake Shifa, Bi Rahima, ameketi kando yao. Nabalayo akauliza, "Baba Byron, hii ni nini?" Kabla mumewe hajajibu Bi Rahima akamsogezea kiti, akasema, "Karibu mama, kaa hapa. Sisi pia hatuelewi." Alikaa hadi alasiri, na Jumamosi zilizofuata alikwenda naye.

Aprili 2025 Mwalimu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaendelea kufundisha akiwa kitandani hadi Septemba, akafariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, Nabalayo akiwa amemshika mkono. Shifa atafanya mtihani wa kemia mwezi ujao kama mtahiniwa binafsi, naye yupo hapa, upande wa akina mama, pamoja na Bi Rahima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kisugu waliotupikia siku zote hizi, na walimu wenzake, hata wale waliotujia jana wakatuomba tuliache lile kosa lisisomwe, maana tunajua walifanya hivyo kwa kumpenda. Tulibishana sana, lakini Nabalayo alituonyesha karatasi aliyoiandika marehemu hospitalini, nasi tunamalizia kwa maneno yake: kama yupo hapa mtu niliyemfundisha kati ya mwaka 1991 na 2021, nikamkata alama kwa sababu aliandika kazi hasi, naomba anisamehe, na alama zake nne ajiongezee mwenyewe.

Mwalimu, umefanya kazi, sasa pumzika kwa amani.