Mama Viti na Kifungu cha Mwandishi

Ijumaa, 30 Juni. Asubuhi ya manyunyu. Leo Mama Viti anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya kuandaa miswada.

Aliingia akiwa mpiga chapa, akajisomea sheria jioni, na anaondoka akiwa mkuu wa dawati la kulinganisha sheria za nchi mbalimbali. Kila kifungu kilichotoka sheria za nje alikiwekea viti, kimoja kwa kila anayeguswa nacho; safari hii vilikuwa vitatu: cha mlalamikaji, cha mwandishi wa ujumbe mtandaoni na cha mwenye mtandao. Sisi wafanyakazi tulivikalia kama wahusika wenyewe, tukagombana kweli kweli. Dereva wetu aliwahi kumnunia mhasibu hadi jioni.

Mwezi huu haukuwa wa utani. Kamati ya bunge ilitaka sheria ya mitandao haraka. Mama Viti alieleza kwamba nchi nyingine humkinga mwenye mtandao dhidi ya karibu kila wanachoandika watumiaji. Nyingine humbana iwapo ameletewa malalamiko na hakuchukua hatua. Nyingine humpa saa chache afute kilicholalamikiwa, la sivyo faini nzito. Mwenyekiti wa kamati akachagua njia hiyo ya mwisho.

Tukaipeleka kwenye viti. Mhudumu wa chai akakalia cha mwandishi, akawa muuguzi aliyeandika kwamba wodi ya wazazi haina maji. Mkubwa wa hospitali akalalamika. Mwenye mtandao, kwa kuogopa faini, akafuta papo hapo.

"Sasa mimi nimekaa hapa kufanya nini?" mhudumu akauliza.

Hapo Mama Viti akaandika kifungu kipya: mwandishi aarifiwe, na aweze kupinga mbele ya mwamuzi huru. Mwenyekiti akaja juu. "Mama, wewe unaondoka. Tuachie kazi." Barua ya Mama Viti ya kustaafu ilikuwa bado haijasainiwa, na sote tulijua kalamu ya kuisaini iko kwa mwenyekiti.

"Naondoka mwisho wa mwezi, mheshimiwa. Leo bado nipo kazini."

Jana alivibeba viti hadi ukumbi wa kamati, akamwomba mwenyekiti akalie kile cha mwandishi. Mheshimiwa alifungua mdomo kujitetea; karani akamsomea mswada usio na kifungu kipya: hakuna pa kujitetea. Kifungu kipya kikapita kwa tofauti ya kura moja. Ilikuwa ya mwenyekiti. Barua akaisaini hapo hapo, bila kumtazama usoni.

Asante, mama, kwa kutugombanisha vizuri. Upate afya, wajukuu watundu na asubuhi zisizo na kikao. Binti yako ametuambia kwamba jana ulilala saa moja jioni, viatu vikiwa bado miguuni.