Lella Mongia, Aliyeihamishia Nuba Kwenye Java

Tarehe 30 Juni, Bibi Mongia Gharsalli, Lella Mongia kwetu sote, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika Ofisi ya Mgao wa Maji ya Ain Lahmar. Aliajiriwa mwaka 1989 kuingiza takwimu. Anaondoka akiwa mkuu wa kitengo cha kompyuta, na kibodi yake ingali na harisa, pilipili yetu ya kusaga, katikati ya herufi, kwa sababu hajawahi kula yai bila harisa wala kulila mbali na kazi.

Wageni ofisini huuliza Nuba ni nini. Ni lugha ya kompyuta iliyobuniwa hapa hapa kwa ajili ya kuandika zamu za maji. Msimamizi wa mfereji huisoma bila kusomea kompyuta: bustani ya fulani, theluthi ya saa, baada ya jirani yake. Tatizo ni kwamba ilikuwa ikifanya kazi kwenye mashine moja tu, na kufikia mwaka 2003 mashine hiyo ilikuwa haina vipuri popote.

Mkurugenzi wetu, Bwana Ridha, ambaye sote twamwita Si Ridha, alitaka kanuni zote za zamu ziandikwe upya kwa Java, lugha ya kompyuta inayotumika duniani kote. Nilimuunga mkono. Lella Mongia peke yake alikataa.

“Si Ridha, ukiziandika kwa Java, nani kule mferejini atazisoma?”

“Utawasomea wewe.”

“Na nikiugua?”

Lella Mongia alipendekeza Nuba ibaki ilivyo, ila kila sentensi yake igeuzwe kuwa maagizo yanayoeleweka na mtambo unaoendesha programu za Java. Kwa njia hiyo ingefanya kazi kwenye kompyuta yoyote. Nilimwambia anamfundisha ngamia kuendesha trekta. Akanijibu, “Wewe kaa upande, usije ukakanyagwa.”

Ilimchukua miaka miwili. Julai 2005 tukaijaribu kwenye mfereji mmoja wenye bustani kumi na tisa. Siku ya tatu akaja mzee tunayemwita Ami Bechir, mwenye bustani ya mwisho, akasema maji yake yanakatika dakika tisa kabla zamu yake haijatimia. Nilimwambia saa yake mbovu. Lella Mongia alichukua kofia yake, akaenda kusimama naye mferejini mpaka adhuhuri.

Alirudi uso umemwiva kwa jua, akafungua programu. Nuba ikiambiwa theluthi ya dakika huishika kama theluthi. Yeye, kwa kutaka urahisi, alikuwa ameiachia Java ikadirie, na kila kipande cha dakika kikawa kinahesabiwa dakika nzima. Bustani kumi na nane zilikuwa zikipata ziada kidogo kidogo. Ya mwisho ilipewa mabaki.

Angeweza kuirekebisha kimyakimya. Si Ridha alikuwa akitafuta sababu ya kuifunga kazi ile, nasi sote tulijua. Lakini alimwita mkurugenzi, akamwita na Ami Bechir, akasema mbele yao: “Kosa ni langu. Saa ya mzee haina ubaya.”

Ami Bechir akamgeukia Si Ridha. “Miaka arobaini naambiwa na ofisi hii kwamba sijui kusoma saa. Huyu mwacheni amalize.”

Alipewa wiki tatu. Akaifundisha Nuba kushika sehemu zake yenyewe, bila kuomba msaada wa hesabu za Java, na mifereji yote ikahamishiwa humo. Oktoba mashine ya zamani ilizimika, haikuwaka tena. Asubuhi yake maji yalitoka kwa zamu kama kawaida, na mjini kote hakuna aliyejua kwamba kuna kilichotokea. Lella Mongia alitununulia keki. Mimi nilimwomba radhi huku nikila.

Wiki iliyopita Zina, msimamizi mpya wa mfereji wa kaskazini, aliandika zamu ya bustani mpya kwa Nuba bila kumuuliza mtu. Lella Mongia aliisoma mara mbili, akamrudishia bila kugusa hata nukta.

Tunakushukuru, Lella. Nenda kwa dada yako kule mjini Gabès, ulale mchana bila simu ya mtu, ule yai lako mezani kama watu. Afya iwe nawe, na furaha isikupungukie hata dakika.