Mwacheni Mke wa Kasuku Chumbani Kwake

Usinibenulie mdomo, wewe kifungua mimba wangu, na wewe kitinda mimba acha kumkonyeza dada yako, eti bi kizee ameanza kuweweseka. Nimesema nilimwona marehemu ndugu yenu jana mchana uani, kwenye kamba za nguo, na nitasema tena, na mtanisikiliza mpaka nimalize, kwa sababu pumzi niliyobakiwa nayo inatosha kusema mara moja tu, sina ya kurudia kwa wabishi.

Sikusema amefufuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mmenipa vibanio nivichambue kama mtoto anayepewa kitu cha kumnyamazisha, na mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yamejaa upepo, yanapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala fofofo, na jua likawa linapita ndani yake mpaka ua wote ukawa mweupe, nikaacha kuuona ukuta. Katikati ya weupe ule akatokea Kasuku wangu, na ile shingo yake iliyolalia upande kwa kuinamia pasi, lakini haongei, yeye ambaye jina la Kasuku alilipata hapa hapa kazini kwa kutofunga mdomo. Akawa anapita kwenye kamba, anashika shati, ananusa kola, analiacha. Anashika jingine, ananusa, analiacha. Nikamwuliza, "Wewe, unatafuta nini?" Akasema, "Mama, langu ni lipi?" Basi. Shuka likajipiga, upepo ukatulia, nikauona ukuta.

Nikainuka, na mnajua kuinuka kwangu siku hizi ni safari, nikaburuta miguu mpaka chumba cha nyuma kwa mkwe wangu, mimi ambaye tangu aolewe sikuwahi kuingia humo bila kutafuta kosa. Hatukuiva chungu kimoja, msijifanye hamjui. Mimi nilisema ana maringo, naye alisema, na nilimsikia, kwamba ulimi wangu ungefaa kunyolea watu. Tulisema kweli sote wawili. Nikamkuta sakafuni, mashati ya mumewe yamemzunguka, yamepigwa wanga, yamekunjwa pembe kwa pembe kwa mkono wako wewe mkubwa, na yeye amezamisha pua kwenye kwapa la moja. Akainua uso, akanitazama kama mtu aliye chini ya maji. Akasema, "Mama, hayupo hata humu. Sabuni tu."

Sasa usilie, sikusema ili ulie. Najua ulivyofanya. Tulirudi kutoka kuzika, watu wakatawanyika, ukakusanya nguo zote za mdogo wako mpaka soksi, ukazifikicha mpaka vidole vikachubuka, ukidhani unampunguzia mwenzako uchungu. Hukuwa na ubaya. Wewe ni mtoto wa dobi, kila kinachokuumiza macho unakitia maji. Zangu mimi zifueni siku hiyo hiyo mtakayonizika, sina mtu wa kuja kuninusa.

Lakini naona sasa mnataka kumfua na yeye mwenyewe! Huyu anamwambia ajikaze, bado kijana, atapata mwingine. Huyu akimwona anageuza maneno kama aliyefumaniwa, asije akalitaja jina la Kasuku. Na juzi mmekaa kwenye meza hii hii ya kupigia pasi mkapanga apelekwe kwa kaka yake akabadilishe hewa, na chumba chake kiwekwe mashine mpya ya kufulia. Hewa! Mtu amenyang'anywa mume, na nyinyi mnamnyang'anya na mlango. Hali chakula, hasemi, anapungua kila siku, akienda kukaa kwa watu wasiomjua Kasuku atamlilia na nani? Mtaletewa habari zake tu, na mimi sitakuwepo kuwatukana.

Kwa hiyo sikilizeni. Banda la kufulia na wateja wake ni lako wewe mkubwa. Pasi na meza ni zako kitinda mimba, ujifunze kunyoosha kola, aibu hiyo. Chumba cha nyuma na kitanda chake na dirisha lake ni vya mke wa Kasuku, akae humo, aondoke siku atakayotaka mwenyewe, aolewe amlete mtu humo humo, haliwahusu. Mashine iwekeni barazani, haijafiwa na mtu. Muuza mkaa wa jirani nimeshamwambia haya yote, asije akatokea mtu kesho kusema mama alikuwa amechanganyikiwa.

Na mkienda kukaa naye, kaeni. Msimwulize "tukusaidie nini," hajui, mnampa kazi ya kufikiri. Peleka chai, weka, keti. Asipokunywa, ondoa kikombe bila kununa, kesho peleka kingine. Mtajeni Kasuku. Msimulieni alivyoiunguza suruali ya bwana harusi akamshawishi kwamba ndio mtindo. Akicheka, cheka naye; kicheko kikigeuka kilio usimrukie na kitambaa, mwache alowe. Akirudia jambo lile lile, lisikilize kama jipya. Watu watachoka kuja, kila mtu ana shughuli zake, na hapo ndipo zamu yenu inapoanza, msinifanye nife nikiwa na wasiwasi.

Jana mimi naye tulikaa tu. Sikusema neno, na kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko kufua. Jua likazunguka dirishani, kila kitu kikawa kinaelea, hata kitanda, na yeye akaniegemea bega, akalala. Akalala, mnasikia? Mara ya kwanza tangu msiba.

Nimechoka... Hapana, maji sitaki. Acha mkono wangu, nitashika ukuta. Radhi zangu mnazo, wote wawili, bila masharti. Mungu awape mikono mizima... na subira, maana hamna. Nisogezee hicho kigoda. Nitakuwa kwake mpaka... nitakuwa kwake. Chai mtaleta mlangoni, mkigonga mgonge polepole.

Mke wa Kasuku, ni mimi. Usiinuke, mwanangu. Sogea kidogo tu.

Nyinyi huko, rudini kazini. Nafunga mlango.