Ndege wa Dirisha la Shemeji

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemezwa ukutani mwa duka ambalo mwenye nalo alihama zamani akaacha kufuli tu. Kulia kuna kibanda cha kinyozi. Kushoto kuna meza ya fundi redio, imejaa matumbo ya redio za watu. Katikati, kila asubuhi, Mama Pacha huweka jiko na birika lake la kahawa, mtoto mmoja mgongoni na mwenzake kaachiwa bibi, kesho wanabadilishana. Kinyozi wanamwita Wembe. Fundi redio wanamwita Waya. Mpiga picha mwenye studio ng'ambo ya barabara wanamwita Usipepese, maana ndilo neno analomwambia kila mteja kabla hajabonyeza. Na kwa muda sasa benchi lilikuwa na ubishi mmoja tu: ndege asiyezidi kidole gumba anapigwaje picha kwenye giza la alfajiri akatoka safi?

Ndege huyo alikuwa akija kichakani nyuma ya nyumba ya Usipepese, chini ya dirisha la chumba anacholala mke wake. Mke haamki. Mgongo umekataa, na dirisha liko nyuma ya kichwa chake, na kumgeuza ni kumtonesha. Kitanda nacho hakigeuki, chumba ni chembamba. Kwa hiyo alikuwa anamsikia tu. Asubuhi moja akamwambia mumewe, "Huyu nimemzoea kama jirani, lakini sura yake siijui. Si wewe unapiga watu picha?" Usipepese akacheka, akasema hilo ni jambo dogo.

Leo alifika benchini amechelewa, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Wembe aliinuka, akamwachia ile sehemu ya ukutani ambapo mgongo unapata pa kuegemea. Mama Pacha akamjazia kikombe kabla hajaomba.

— Haya, tuambie, — Waya akaanza. — Ametoka, au ni ukungu tena?

— Kabla ya ukungu, — akasema Wembe, — mimi nataka kuelewa. Mtu unapiga picha za harusi, za watoto wachanga, za wazee wasio na meno, leo ndege anakushinda vipi?

— Watoto wachanga wanashikwa, — Usipepese akajibu. — Ndege nimwambie mama yake amshike?

Wakacheka. Hata yeye alitabasamu kidogo, na Mama Pacha akafurahi kuliona lile tabasamu.

— Nawaambieni kila siku, tatizo ni mwanga. Anakuja kabla ya jua. Jua likipanda juu ya ukuta, keshaondoka. Sasa kamera ni kama jicho. Ukilifumbua na kulifumba haraka, picha inatoka nyeusi. Ukiliacha wazi kidogo mwanga uingie, ndege anageuza shingo, anatoka kama alama ya kidole kwenye kioo. Nikiilazimisha kamera ione gizani, picha inajaa chengachenga kama mchanga. Nimeweka kamera juu ya gunia ili isitikisike. Kamera imetulia, ndege hajatulia.

— Na ile taa ya studio niliyokwambia? — akauliza Wembe. — Mimi si ndiye niliyesema, umulike mara moja tu, paa! Umeshamaliza.

Usipepese akazungusha kikombe mikononi. Tangu juzi alikuwa akilibeba jambo hili, na alichokuwa akiogopa ni uso wa Wembe.

— Nimeitumia.

— Enhe! Nilisema mimi! Leteni picha!

— Ile taa ninavyoiweka kwa ajili ya watu, inamulika kwanza kidogo, halafu ndiyo inapiga. Ni ili macho ya mtu yasitoke mekundu. Imekaa hivyo miaka yote, hata sikumbuki kuwa ipo. Basi nikamlenga. Alikuwa karibu, Wembe, karibu kama wewe hapo. Mmuliko wa kwanza akaruka. Wa pili ukakuta tawi tupu.

— Si kesho yake atarudi?

— Hajarudi. Jana hakuja, leo hakuja.

Wembe alitazama mikono yake kama mtu aliyemkata mteja sikio. Kisha akachukua kikombe cha Usipepese, ambacho hakikuwa kitupu, akakimimina, akampa Mama Pacha akijaze kahawa mpya ya moto.

— Kosa si lako, — Usipepese akamwambia taratibu. — Taa ni yangu.

— Wifi anasemaje? — Mama Pacha akauliza.

— Aliuona ule mwanga ukutani. Akaniuliza kama ni radi. Nikasema ndiyo, ni radi.

Hakuna aliyecheka, ingawa wingu lilikuwa halijaonekana kwa miezi kadhaa. Usipepese hakuwaambia mengine: kwamba mke wake alisema, "Basi wewe na huyo ndege mliokuwa nje mtakuwa mmelowa," akamtaka aje karibu, akampapasa shati. Shati lilikuwa kavu. Akalipapasa tena, halafu akalala. Na jana, saa ya ndege ilipopita kimya, alisema tu kwamba huenda ameenda kuwasalimia wakwe zake. Alisema kwa sauti nyepesi kabisa, ili mume asijisikie vibaya.

— Sasa sikilizeni, — Waya akasema, akijipangusa mikono. Alikuwa mtu asiyevumilia huzuni kukaa bila kazi. — Tusiomboleze, ndege hajafa. Amekasirika. Kitu kikikasirika kinabembelezwa. Tumwekee kioo kichakani.

— Kioo cha nini?

— Ajione. Wembe, wateja wako wakikaa mbele ya kioo si wanatulia?

— Wanatulia mpaka wanasinzia, — Wembe akakubali, akilidaka wazo hilo kwa mikono miwili. — Mwingine namaliza kumnyoa, hataki kushuka. Anajigeuza huku, anajigeuza huku. Kioo ninacho cha ziada. Nakitoa leo.

— Haya, ndege karudi, katulia, anajipenda. Mwanga je? — akauliza Mama Pacha. — Si bado ni giza?

— Ukuta wa nyuma ya kichaka tunaupaka chokaa! — Waya akadakia. — Mwanga kidogo ule ule unagonga ukutani unarudi.

— Hilo lina maana, — Usipepese akasema. Kweli lilikuwa na maana, akashangaa kwamba hakulifikiria.

Sifa ile ikawalevya.

— Basi tupake na kichaka! — Wembe akasema.

— Tupake na ndege mwenyewe!

— Mfikie kwanza umpake, we mwendawazimu.

— Tunamwekea mtama, tunauloweka kwenye dawa ya kifua ya watoto, ile inayolaza. Mama Pacha unayo?

— Niwalaze wanangu au nimlaze ndege?

— Anakula, anasinzia tawini, Usipepese anabonyeza kwa raha zake.

— Halafu shemeji aletewe picha ya ndege mlevi!

Walicheka mpaka mtoto mgongoni akashtuka. Usipepese naye alicheka, na ndani ya kicheko alijua wanachokifanya. Wembe ana wateja wawili wanaomsubiri kibandani na hajawatazama. Waya ana redio ya mtu ya kurudisha asubuhi hii. Wamekaa hapa wakimtafutia ndege wake, kila mmoja akichomoa upuuzi mkubwa kuliko wa mwenzake, ili asibaki peke yake na lile tawi. Hapa benchini ndege alikuwa bado anaweza kurudi.

— La mwisho, na hili si mchezo, — Waya akasema, na safari hii sauti yake ilibadilika. — Ndege wa kiume akisikia mwenzake anaimba kwake, anakuja mbio kumfukuza. Nimeona kwa macho yangu. Nina kipaza sauti kidogo hapa, nina sauti za ndege chungu nzima kwenye simu. Tunakificha kichakani alfajiri. Anasikia, anakuja kugomba, anasimama juu kabisa ya kijiti kifua mbele. Taa hatuwashi. Ukuta una chokaa. Na hata picha ikikataa, kaka, shemeji atakuwa amemsikia.

Hakuna aliyebisha. Wembe alisema chokaa atanunua yeye. Mama Pacha akasema atakuja na mapema amchane wifi nywele, ili mgeni akirudi amkute amependeza.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mwanamke mmoja ambaye hawakumjua. Alikuja kupigwa picha ya kitambulisho, akakuta studio imefungwa, akaelekezwa hapa. Mama Pacha alikuwa amempa kahawa, naye alikuwa amesikiliza yote kwa adabu.

— Samahanini, — akasema. — Hizo sauti ni nyingi. Sasa mtajuaje ipi ya kuweka? Huyo wenu anaimbaje?

— Swali zuri, dada, — Waya akasema, akatoa simu, akabonyeza, akaisogeza karibu na mdomo wa Usipepese. — Piga mluzi hapa. Hata ukikosea kidogo, mimi nitamtafuta anayefanana.

Usipepese akakohoa, akaweka midomo tayari.

Alimjua. Alikijua kifua cha manjano chenye doa la kijivu upande mmoja. Alijua anavyoinua mkia kabla ya kuruka, anavyoshika kijiti kwa mguu wa kushoto kwanza. Alijua koo linavyotuna anapoimba, maana hapo ndipo alipokuwa akilenga, koo likituna shingo hutulia kidogo. Alfajiri zote zile alikuwa amebana pumzi, jicho kwenye tundu la kamera, mwili mzima umegeuka kuwa jicho, akiliona lile koo likituna na kunywea, kutuna na kunywea.

Sauti hakuwa nayo. Aliitafuta, akatafuta tena. Hakuwahi kuisikiliza hata siku moja.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa nayo, na alikuwa amelala kwenye kile chumba chembamba, akingoja mgeni wake arudi kutoka kwa wakwe.

— Polepole tu, kaka, — Wembe akamnong'oneza. — Hatukucheki.

Wote walitega masikio. Mama Pacha alikuwa amesimamisha birika hewani. Midomo ya Usipepese ilibaki imekunjwa vilevile kwa ajili ya mluzi, na simu ya Waya ikaendelea kurekodi baiskeli ikipita, mlango ukigongwa mbali, na pumzi za watu waliokaa pamoja.